Wazo Hutafuta Mnunuzi

Katika miji yetu mikubwa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na hata katika miji midogo ambayo si zamani sana haikuwa na zaidi ya benki moja na ofisi ya posta, wamezuka vijana wengi, wake kwa waume, ambao ukiwauliza shughuli yao watakujibu bila kusita kwamba wana wazo. Na wazo hilo aghalabu limeandikwa vizuri, lina michoro, lina jina la kupendeza na hata nembo, ila halina mnunuzi. Mintarafu ya jinsi wazo changa linavyogeuka kuwa biashara yenye kujitegemea, mengi yameandikwa, na sehemu kubwa yake imetoka ng'ambo, California hasa, pamoja na istilahi zake na mashujaa wake. Mimi nitalitazama suala hili kwa mifano ya Afrika Mashariki, madhali mifano ipo, tena iliyo wazi, ya kufaulu na ya kuanguka. Na dai langu, ambalo msomaji ataniwia radhi nikilitanguliza, ni kwamba hatima ya wazo huamuliwa na malipo ya mtu asiyekujua, aliyeyatoa kwa hiari yake, yakabakiza kitu baada ya gharama zote kuondolewa. Mtaji, sheria, ofisi na tuzo vina nafasi yake, lakini vikilitangulia jambo hilo huleta madhara zaidi kuliko manufaa.

Hakuna mfano unaojulikana zaidi kuliko M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ijapokuwa mwanzo wake umesahauliwa na wengi wanaoitumia kila siku. Nick Hughes, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Vodafone nchini Uingereza, aliomba ruzuku kwenye mfuko wa serikali ya nchi hiyo uliohusika na maendeleo ya kimataifa, akapata takriban pauni milioni 1 kwa sharti kwamba kampuni yake nayo ichangie kiasi kama hicho. Wazo lenyewe lilikuwa jembamba sana: mkopaji wa taasisi ya mikopo midogo alipe rejesho lake kwa simu, asilazimike kubeba fedha taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi. Majaribio yalianza Oktoba 2005, chini ya usimamizi wa Susie Lonie, kwa wateja wapatao mia tano wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, katikati ya jiji la Nairobi, katika mtaa wa Mathare na katika mji wa Thika.

Yaliyotokea baada ya hapo ndiyo yanayostahili kutafakariwa na kila mwenye wazo. Taasisi ya mikopo yenyewe haikufurahishwa sana, kwa kuwa mwanachama aliyeweza kulipa akiwa nyumbani kwake hakuona tena sababu ya kuhudhuria mkutano, ilhali mkutano huo ndio uliokuwa dhamana ya mkopo. Na kulinganisha vitabu vya taasisi na kumbukumbu za mtambo wa simu kukawa ni adha kubwa. Wateja, kwa upande wao, walianza kuyafanya mambo ambayo hakuna aliyewaelekeza. Wako waliomlipia jamaa rejesho lake kwa badala ya huduma fulani. Wako wenye biashara waliozihifadhi humo fedha za mauzo usiku kucha, kwa sababu benki hufunga mapema kuliko maduka ya mawakala. Wako waliokuwa wakisafiri kutoka eneo moja la majaribio hadi jingine, wakaweka fedha zao mwanzo wa safari na kuzitoa saa chache baadaye mwisho wa safari, wasije wakaporwa njiani. Na wako waliowanunulia ndugu zao wa mashambani muda wa maongezi na kuwarushia. Mtu mwenye kiburi cha wazo lake angeyaona hayo yote kuwa ni matumizi mabaya ya mtambo, akatunga kanuni za kuyazuia. Wasimamizi wa majaribio waliyaandika, wakayapima, kisha wakaliweka kando rejesho la mkopo, na Machi 2007, kampuni ya simu ya Safaricom ikiongozwa na Michael Joseph, huduma ikatangazwa kwa umma wa Kenya kwa maana moja tu: kutuma fedha nyumbani. Haja hiyo ilikuwepo tangu zamani, na watu walikuwa wakiigharimia kwa kumkabidhi bahasha dereva wa basi, kwa hawala ya posta, au kwa kumsubiri jamaa anayerudi kijijini, na kila njia katika hizo ilikuwa na hasara yake iliyozoeleka. Kabla mwaka haujatimia wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Jambo la kwanza la kujifunza hapa ni namna ya kusikiliza, na kwetu sisi kusikiliza kuna ugumu wake wa pekee. Adabu za watu wetu haziruhusu kumvunja moyo kijana uso kwa uso. Ukimwendea shangazi yako, au mwalimu wako wa zamani, au hata muuza duka wa mtaani, ukamweleza kwamba unakusudia kutengeneza programu ya simu ya kumsaidia kutunza hesabu za duka lake, atakusifu, atakuombea dua, na pengine atakuahidi kwamba itakapokuwa tayari atakuwa wa kwanza kuitumia. Na ahadi hiyo haina uzito wowote katika hesabu ya biashara, kwa sababu hakuna alichopoteza kwa kuitoa. Afadhali umuulize mambo yaliyokwisha tokea: mara ya mwisho alipokosana na mteja kuhusu deni alifanya nini, daftari lake la madeni liko wapi, nani humjumlishia mahesabu mwisho wa mwezi na humlipa kiasi gani. Akikuambia kwamba hamlipi mtu, wala hajapata kutafuta dawa ya shida hiyo, basi shida yenyewe haijamuuma kiasi cha kumfanya afungue mkoba. Na akiwa anaumia kweli, mwombe atangulize malipo kidogo, hata shilingi elfu chache, kabla hujakitengeneza kitu chenyewe. Wengi wataona haya kuomba hivyo. Haya hiyo imewagharimu watu miaka.

Wazo la M-Pesa, hata baada ya kupata mnunuzi, lisingesimama bila ya mtu wa tatu, naye ni wakala. Tumtazame kwa karibu, maana katika kibanda chake mna somo ambalo mipango mingi ya biashara hulisahau. Wakala ana mifuko miwili: fedha taslimu katika droo, na floti, yaani salio la kielektroniki, katika simu. Kila anayeweka fedha hujaza droo na kuipunguza floti. Kila anayetoa hupunguza droo na kuijaza floti. Mjini, ambako watu hupokea mishahara na kutuma, floti huisha huku droo ikifurika; kijijini, ambako watu hupokea na kutoa, droo hubaki tupu huku floti ikiwa imejaa isivyo na faida. Kwa hiyo wakala hana budi kufunga kibanda na kwenda benki, au kuwa na tajiri wa kumsawazishia, na kila saa aliyoifunga ni mteja aliyeambiwa arudi kesho. Safaricom ilipata kufahamu kwamba bidhaa yake halisi ilikuwa ni uhakika wa kukuta fedha kwa wakala, na kwamba sharti wakala alipwe ujira hata kwa kupokea amana ambayo mteja hatozwi chochote kwayo. Vodacom ilipoanzisha huduma hiyo hiyo Tanzania mwaka 2008, kwa jina lile lile na mtambo uliotoka kwa wazazi wale wale, mwendo wake wa awali ulikuwa wa kujikokota mno ukilinganishwa na wa Kenya, kwa kuwa soko la simu lilikuwa limegawanyika baina ya kampuni kadhaa, nchi ni pana na wakazi wake wametawanyika, na ilibidi utaratibu wa kuwapata na kuwahudumia mawakala ujengwe upya kwa kufuata hali ya nchi. Tanzania ilikuja kufaulu baadaye, tena sana; walakini kuchelewa kule kunatosha kuwatahadharisha wanaodhani kwamba wazo lililofaulu kwa jirani huhamishika kama lilivyo.

Mfano wa pili unatoka katika nyumba ile ile. Hughes, pamoja na Jesse Moore na Chad Larson, waliasisi M-KOPA huko Nairobi mwaka 2011, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza umeme wa jua kwa wakazi wasiofikiwa na nyaya. Umeme wa jua haukuwa kitu kigeni. Maduka yalikuwa yakiuuza tangu miaka mingi, ila kwa bei ambayo mkulima hawezi kuitoa kwa mkupuo. Waliloliona ni kwamba mkulima huyo huyo hutoa fedha kila siku kwa mafuta ya taa, na shilingi nyingine kila anapopeleka simu yake dukani kuchajiwa. Basi wakampangia bei ifanane na mazoea hayo: atangulize shilingi 2,999 za Kenya, kisha alipe shilingi 40 kwa siku kwa M-Pesa muda wa mwaka mmoja, na mtambo uwe wake. Ndani ya mtambo wakaweka laini ya simu, ili siku asiyolipa taa zizimike, na alipapo ziwake tena, pasipo mdai kugonga mlango wala jirani kujua. Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas ilifuata fikra iliyo karibu na hiyo katika gesi ya kupikia: aliyezoea kununua mkaa wa kopo moja moja hawezi kununua mtungi mzima, lakini akifungiwa mita na kuuziwa gesi kidogo kidogo kwa simu, fedha yake ya mkaa inaweza kuhamia huko. Fikra zote mbili zilianza kwa kuuliza fedha za mtu huyu zinakwenda wapi leo, na kwa mwendo gani. Na kwa maoni yangu hakuna swali linalofaa zaidi kwa mwenye wazo, kwani anayetaka kuanzisha matumizi mapya kabisa katika nyumba yenye kipato kidogo anashindana na unga, ada ya shule na dawa.

Sasa tuje kwenye hesabu, mahali ambapo mawazo mengi mazuri huzikwa. Kampuni ya Kune ilianzishwa Nairobi kwa madhumuni ya kupika chakula kizuri cha bei nafuu na kukipeleka kwa mteja, na mwaka 2021 ikapata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji. Mwezi Juni 2022 ikafunga. Bei ya takriban dola 3 kwa sahani haikutosha kubeba gharama, nazo bei za vyakula zilikuwa zikipanda. Fauka ya hayo, Wakenya walikuwa wameshangaa tangu mwanzo kusikia kwamba chakula kizuri na rahisi hakipatikani Nairobi, ilhali kila mtaa una kibanda chake. Simdhihaki mtu aliyethubutu. Nataka tu tuifanye hesabu ya namna hiyo kwa sahani moja, kwa tarakimu za kubuni, tuone mtego ulipo.

Tuseme mtu anauza chakula cha mchana Dar es Salaam kwa shilingi 8,000 na kukipeleka ofisini. Vyakula na mkaa vinamgharimu 3,600, kifungashio 500, bodaboda 2,500, makato ya malipo ya simu 200, na tuweke 300 kwa sahani zinazomwagika au kukataliwa. Jumla ni 7,100, na mkononi zinabaki 900. Lakini mteja huyo alipatikana kwa tangazo na kwa punguzo la siku ya kwanza, ambavyo kwa pamoja vimekula, tuseme, 6,000. Basi mteja hana budi kuagiza mara saba ndipo arudishe gharama za kuletwa kwake, na hapo kodi ya jiko na mishahara bado haijaguswa. Iwapo wengi huagiza mara tatu na kutoweka, basi kila mteja mpya ni hasara mpya, na tangazo zuri zaidi litaiharakisha hasara hiyo. Kijana aliyelewa sifa za ongezeko la wateja haoni hili, kwa sababu kitabu chake kinaonyesha mauzo yanapanda. Lakini tazama kinachotokea akikataa maagizo ya mtu mmoja mmoja, akauza kwa ofisi zinazochukua sahani tano kwa safari moja tu: bodaboda inakuwa 500 kwa sahani, na kinachobaki kinakuwa 2,900. Chakula ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni aina ya mteja. Mabadiliko ya namna hii hayaonekani mpaka mtu akae na kalamu, tena kabla hajachukua fedha za watu.

Na fedha za watu ni mada ndefu. Kuna anayedhani kwamba mwekezaji wa kampuni changa ni mdudu wa karne hii, lakini Unguja ya karne ya 19 ilimjua vizuri: matajiri kama Tharia Topan walitoa bidhaa kwa mali kauli kwa wakuu wa misafara, Tippu Tip akiwa mmoja wao, nao wakangoja miaka wasijue kama pembe zitarudi pwani au habari za msiba. Msingi wa hesabu yao haukuwa tofauti sana na wa leo, yaani misafara michache iliyofanikiwa ifidie iliyopotea. Mwenye wazo afahamu vema maana yake kwake yeye: tajiri huyo anaweza kustahimili kampuni yako ife, kwa kuwa ana nyingine, ila hawezi kustahimili ibaki ndogo yenye faida ya wastani, kwa kuwa hiyo haitamfidia chochote. Kwa hiyo atakusukuma ukue upesi. Biashara nyingi njema, za kusaga nafaka, za kushona sare za shule, za kukarabati simu, hazikuumbwa kwa mwendo huo, na zingefaa zaidi kwa akiba ya mwenyewe, kwa mkopo wa kikoba, au kwa malipo ya awali ya wateja, ambayo ndiyo rasilmali rahisi kuliko zote. Na anayeamua kuzifuata fedha za ng'ambo ajue kwamba wawekezaji wa huko mara nyingi humtaka aisajili kampuni mama katika jimbo la Delaware, Marekani, hata kama wateja wote wako Mbagala, Dar es Salaam.

Ruzuku na tuzo za mashindano zina hatari ya aina nyingine, nayo ni ya siri zaidi. Zinatolewa na mtu ambaye si mteja, kwa vigezo ambavyo si vya mteja, na anayezipata mara mbili au tatu huanza kuwa hodari wa kuzipata; lugha yake inageuka, ripoti zake zinakuwa nzuri, ratiba yake inafuata tarehe za mwisho za maombi, na mwaka unapita bila yeye kuuza kitu. M-Pesa nayo ilianza kwa ruzuku, ni kweli. Lakini ruzuku ile ilinunua majaribio yenye mwanzo na mwisho, na swali lililotakiwa kujibiwa lilijulikana.

Kuhusu ukuaji, miaka ya karibuni imetupa mafunzo ya gharama kubwa. Twiga Foods ilianza na ndizi, kwa kuona kwamba mama mboga wa Nairobi huamka alfajiri na kutumia nauli na saa nyingi kufuata mzigo sokoni, wakati mkulima naye hupoteza kwa madalali na kwa kuoza. Haja ilikuwa ya kweli, na wanunuzi walikuwepo. Hata hivyo, kumiliki maghala, magari na watu ni kazi nzito yenye faida nyembamba, na mwaka 2023 kampuni ililazimika kuwapunguza mamia ya wafanyakazi. Copia, iliyoanza 2013 kwa kuwauzia wakazi wa vijijini kupitia mawakala wa dukani, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika maisha yake, na Mei 2024 ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi. Waandishi wa magazeti waliyaeleza hayo kwa kusema kwamba wawekezaji walifunga mikono baada ya riba kupanda duniani, na ndivyo ilivyokuwa; lakini kampuni inayokufa kwa sababu awamu ijayo ya fedha haikuja ilikuwa bado haijajibu swali la sahani moja, au ilikuwa imeliahirisha kwa matumaini kwamba wingi utalijibu.

Sheria nitaipitia kwa haraka. Kwa Tanzania, usajili wa kampuni kwa msajili BRELA, namba ya mlipakodi ya mamlaka ya mapato TRA na leseni ya halmashauri ni mambo yanayofanyika kwa siku au majuma, na hayana haja ya kutangulia utafutaji wa mnunuzi, isipokuwa katika shughuli zinazogusa fedha, dawa na chakula cha watu, ambako idhini ni sehemu ya bidhaa yenyewe. M-Pesa ilianza Kenya kwa barua ya Benki Kuu ya kutokuwa na pingamizi, amana za wateja zikiwekwa katika akaunti maalumu ya benki, mbali na mali ya kampuni. Na mwishoni mwa 2008, Kaimu Waziri wa Fedha John Michuki alipoagiza huduma hiyo ikaguliwe, utaratibu huo uliokwisha wekwa mapema ndio ulioiokoa.

Linalostahili kutiwa wino mapema kuliko usajili ni mapatano baina ya waasisi wenyewe. Marafiki wawili huanza kwa kugawana hisa nusu kwa nusu, kwa mapenzi, bila ya kuandika kwamba anayeondoka baada ya miezi sita hatabaki na nusu yake. Na biashara inapoanza kuzaa, aliyeondoka hurudi na wakili. Hisa zipatikane kadiri mtu anavyofanya kazi, mwaka hadi mwaka, na mwaka wa kwanza usipotimia asiwe na haki yoyote. Yeyote anayeona vibaya kuliandika hilo angali katika kunywa chai ya maafikiano, ataliona vibaya zaidi mbele ya hakimu.

Kuhusu wazo lenyewe, lisishikwe kama kiapo. Benjamin Fernandes wa Tanzania aliianzisha NALA kuwa programu ya kuwarahisishia watu matumizi ya fedha za simu nchini, hata pasipo intaneti. Ilisifiwa na kutuzwa, lakini mwaka 2021 iligeukia kazi nyingine, ya kuwawezesha Waafrika walioko Uingereza na Marekani kutuma fedha nyumbani. Mtumaji wa London alikuwa tayari analipa ada kubwa kwa kampuni za zamani, hivyo palikuwa na fedha ya kuhamishwa. Mtumiaji wa Dar es Salaam alikuwa akiipenda programu ile bila ya kuilipia. Waasisi wenye busara huyapanga mapema masharti ya kugeuka au kufunga, wakiwa bado na akili tulivu: kwamba ikifika mwezi fulani, na wateja wanaorudi kununua bila punguzo hawajafika idadi fulani, fedha zilizobaki zitalipa mishahara na madeni, wala hazitanunua tangazo jingine. Karatasi ya masharti hayo itiwe sahihi na wote, na nakala yake akabidhiwe mtu aliye nje ya kampuni, ambaye hatakuwa na haya ya kuwakumbusha siku ikiwadia.